Mti Uliopungua Unene: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kituo cha Utafiti Msituni

Mti mkubwa ulio hai haunywei, yaani haupungui unene. Unaweza kupoteza matawi, kuoza moyo au kubanduka gome, na wakati wa kiangazi shina hupungua kiasi kidogo sana kwa kukosa maji, kisha likarudi mvua zikinyesha. Lakini hakuna mti unaopoteza sentimita 8.7 za kipenyo kwa mwaka mmoja na bado ukasimama na majani yake yote. Hivyo ndivyo takwimu zilivyodai kuhusu mti namba 412, na hapo ndipo kisa hiki kilipoanza, katika mwezi wa tatu wa miezi saba niliyojitolea kwenye kituo cha utafiti ndani ya msitu wa mvua.

Jina la kituo naliacha. Tatizo lenyewe linaweza kutokea kituo chochote kinachofanya kazi kwa mikono ya watu wanaokuja na kuondoka, na vituo vya namna hiyo ni vingi. Nakiandika kisa kwa kirefu kwa sababu kinagusa jambo ambalo sikuambiwa na mtu kabla ya kwenda: kipimo kisicho na maelezo ya namna kilivyopimwa hakimsaidii anayekuja baadaye, na mara nyingine kinampotosha.

Kazi yenyewe

Kazi zetu zilikuwa za kurudiarudia. Kila baada ya wiki mbili tulikwenda kwenye vyandarua vilivyotandazwa chini ya miti kukinga majani yanayoanguka, tukayakusanya, tukatenga majani na maua na matunda na vijiti, tukavikausha kwenye tanuri na kuvipima uzito. Mara moja kwa mwezi tulipita njia ileile na darubini, shingo zikiuma, tukiandika mti upi umechanua na upi una matunda mabichi. Na mara moja kwa mwaka miti yote mikubwa ya eneo la utafiti ilipimwa unene.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito katika kisa hiki. Miti mingi ya msitu wa mvua haina pete za mwaka zinazosomeka vizuri, maana hali ya hewa haibadiliki sana kati ya msimu na msimu. Ukitaka kujua mti unakua kwa kasi gani, huna budi kuupima, kuusubiri, na kurudi kuupima tena. Stephen Hubbell na Robin Foster walipoanzisha eneo lao la hekta 50 kwenye kisiwa cha Barro Colorado, Panama, mwaka 1980, waliamua kupima kila shina lenye kipenyo cha kuanzia sentimita 1. Mashina yalizidi 200,000, na tangu 1985 yamekuwa yakipimwa upya takriban kila miaka mitano. Hakuna mtafiti mmoja anayeweza kazi hiyo peke yake. Hufanywa na vibarua, wanafunzi na wajitoleaji, kila mmoja akishika kipande chake cha miaka.

Kanuni ni rahisi kuisema. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mahali hapo hupakwa mstari wa rangi kuzunguka shina ili mwaka ujao futi, yaani utepe wa kupimia, ipite palepale. Kibao chenye namba hupigiliwa msumari mbali kidogo na mstari, kwa sababu shina huvimba mahali pa msumari na uvimbe ungeharibu kipimo. Ugumu uko kwenye miti mikubwa. Mingi ina mizizi iliyopanda juu ya ardhi na kusimama kuzunguka shina kama kuta. Sisi tuliziita mbawa. Huwezi kuzungusha futi kwenye mbawa ukapata kipimo cha shina, kwa hiyo unapanda ngazi na kupima nusu mita juu ya pale zinapoishia. Na mbawa nazo zinakua. Miaka ikipita zinaufikia mstari, na mstari inabidi uhamishwe juu.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma kwenye mwongozo wa kituo siku ya kwanza. Sikuielewa hadi mwezi wa tatu.

Nilichofanya kabla ya kuuona mti

Mvua zilipokolea njia hazikupitika, nikapewa kazi ya mezani: kuunganisha vipimo vya mwaka huo na vya miaka iliyotangulia. Vipimo vilikuwa vimechukuliwa na wajitoleaji wawili waliomaliza muda wao wiki moja kabla sijafika. Hatukuwahi kuonana. Nilivikuta kwenye lahajedwali, safu kwa safu, na mti 412 ulikuwa umeandikwa hivi kwa miaka minne mfululizo: 86.9, 87.6, 88.3, kisha 79.6.

Nilipoipanga miti yote kwa tofauti ya mwaka na mwaka, ilijitokeza 19 iliyopungua kwa zaidi ya sentimita 2. Yote mikubwa. Yote imepimwa na watu haohao wawili.

Hapo nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Niliamua kwamba wale wawili walikuwa wazembe, kwamba walipima haraka ili wamalize kabla ya kuondoka, nikaanza "kurekebisha". Kwa miti sita nilifuta kipimo chao, nikaweka cha mwaka uliopita, na pembeni nikaandika: kosa la kipimo. Niliona ninaokoa takwimu. Jioni nikamwonyesha msimamizi wa takwimu kwa fahari kabisa. Akaisoma safu ya kwanza, akaniuliza:

"Mti wenyewe umeuona?"

Sikuwa nimeuona.

"Basi hujui kama ni kosa. Unajua tu kwamba ni kidogo."

Aliniagiza nizirudishe namba zote za awali usiku uleule. Bahati nzuri nilikuwa na nakala ya faili. Bila nakala hiyo kisa kingeishia hapo, na vipimo sita vya kweli au vya uongo vingepotea moja kwa moja bila mtu kujua. Nataka msomaji alione hili vizuri, kwa sababu sikuona nikifanya baya: mimi ndiye niliyekuwa karibu kuiharibu kazi hiyo, kuliko wale niliowatuhumu.

Kabla ya kwenda msituni msimamizi alinitaka niandike kila sababu inayoweza kuufanya mti uonekane umepungua, na kwa kila sababu dalili ambayo ningeikuta kama ndiyo. Zoezi hilo lilichukua saa moja, na namshauri kila mtu alifanye kabla hajagusa namba ya mwenzake. Ukame, kwanza: ungeigusa miti yote, na kwa kiasi kidogo mno kuliko kile tulichokuwa tunakiona. Futi kusomwa upande usio wake: futi za kipenyo upande mmoja zina sentimita za kawaida na upande mwingine zimegawanywa kwa 3.14, kwa hiyo anayesoma upande usio wake anakosea mara tatu na ushee, si asilimia kumi. Kuandika vibaya: tarakimu zingepishana, 86 ikawa 68, na ingetokea hapa na pale. Mtambaazi au njia ya mchwa iliyokuwa chini ya futi mwaka jana na mwaka huu ikaondolewa: inawezekana, lakini si kwa miti 19. Ikabaki moja, kupima mahali pengine, juu zaidi. Hiyo ingeonekana kwenye miti mikubwa yenye mbawa tu, na ingepunguza kipenyo siku zote, isikiongeze kamwe, kwa sababu shina huwa jembamba kadiri unavyopanda.

Ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwa nini wapime mahali pengine, ikiwa mstari wa rangi upo?

Mistari miwili

Tulitoka asubuhi, mimi na mzee ambaye amekuwa akifanya kazi kwenye eneo hilo tangu lilipopigwa kamba mara ya kwanza. Kazi yake rasmi ilikuwa kusafisha njia na kushika ngazi. Alitembea mbele bila ramani na bila kuangalia vibao. Mimi nilikuwa na vyote viwili na bado nilipotea mara mbili nilipojaribu kutangulia.

Mti 412 ulisimama kwenye mteremko, mbawa zake zikinizidi urefu. Tulisimamisha ngazi. Mstari wa rangi ulikuwa mita 3 kutoka ardhini, mwekundu, safi, kama umepakwa juzi. Nilizungusha futi, nikaivuta ikakaa sawa pande zote, nikasoma 79.8. Miezi michache ilikuwa imepita, na mti ulikuwa umeongezeka milimita 2 juu ya kipimo cha wale wawili. Hawakukosea hata kidogo.

Nilimwambia mzee kwamba sielewi. Aliutazama mstari, akatikisa kichwa.

"Huo ni mpya, mwanangu. Wa zamani uko chini yako."

"Wapi, mzee? Sioni kitu."

"Shuka kwanza."

Nilishuka vidaraja vitatu. Alinipa mswaki wa zamani aliokuwa akiutumia kusafishia vibao, akanionyesha kwa kidole mahali pa kusugua. Gome lilikuwa limefunikwa na kuvumwani nene, iliyolowa kama sifongo. Ilitoka kwa mabonge. Chini yake palikuwa na gome la kijivu, kisha chembe moja ya rangi nyekundu si kubwa kuliko kucha, kisha nyingine kando yake. Nilisugua taratibu kuzunguka kadiri mkono ulivyofika. Rangi haikuwa mstari tena. Ilikuwa imekatikakatika kwa sababu gome lenyewe lilikuwa limepasuka na kutanuka, na mahali pawili ilikuwa imepanda juu ya kitu kilichochomoza: ncha za mbawa. Mizizi ilikuwa imeufikia mstari.

Nilipima kati ya mstari wa zamani na mpya. Sentimita 90. Nikazungusha futi kwenye mabaki ya rangi ya chini, nikasoma 89.1.

Basi mti haukupungua. Ulikuwa umekua, kwa mistari yote miwili. Wale wawili walikuta mbawa zimefika mstarini, wakafuata kanuni ya kituo neno kwa neno, wakahamisha mstari juu na kupima huko. Nilimuuliza mzee alijuaje.

"Nilishika ngazi siku hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Alilisema bila kinyongo. Mimi hilo ndilo lililonielemea njia nzima ya kurudi.

Kosa lilikuwa wapi

Kituoni tulianza kutafuta kama wale wawili waliandika chochote. Kwenye kishikwambi hapakuwa na kitu. Kwenye chumba cha kukaushia majani, ndani ya boksi la futi mbovu, tulilipata daftari lao la karatasi zisizolowa. Pembezoni mwa ukurasa mmoja, kwa penseli: "412, mbawa zimefika mstarini, tumepandisha sm 90." Na mengine kama hayo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa anaandika juu ya goti. Daftari lilieleza miti 14 kati ya 19. Mmoja ulikuwa kosa la kuandika kweli, 68.1 badala ya 86.1. Kati ya "marekebisho" yangu sita, matano yalikuwa kwenye ile 14. Nilikuwa sahihi mara moja.

Kwa nini maelezo yale yaliishia pembezoni mwa daftari? Hapo ndipo kiini cha kisa. Mwaka mmoja nyuma, kituo kilikuwa kimeacha fomu za karatasi na kuhamia kwenye vishikwambi, ili data iingie moja kwa moja na kusiwe na kunakili. Ilikuwa hatua nzuri, na makosa ya kunakili yalipungua kwelikweli. Lakini fomu ya karatasi ilikuwa na safu ya kimo cha kipimo, na ile mpya haikuwa nayo. Aliyeiandaa aliona karibu kila mti una 1.3, akaona kuandika 1.3 mara mia kadhaa ni kupoteza muda. Kwa miti midogo alikuwa sahihi. Kwa mikubwa, ile safu ndiyo iliyokuwa inaipa namba maana yake.

Na miti mikubwa ndiyo inayobeba hesabu yote. Uzito wa mti hauongezeki sambamba na kipenyo. Huongezeka kwa kasi zaidi, kiasi kwamba kipenyo kikiwa mara mbili uzito huwa zaidi ya mara tano. Kwa hesabu hiyo, mti 412 kwenye lahajedwali ulikuwa umepoteza karibu robo ya uzito wake bila kuanguka tawi. Weka miti 14 ya namna hiyo kwenye eneo moja, na mtu aliye mbali atasoma kwamba msitu unatoa hewa ya ukaa wakati unaihifadhi.

Kinyume chake pia ni hatari, na kimewahi kujadiliwa wazi kati ya wataalamu. Mwaka 1998 Oliver Phillips na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba misitu ya kitropiki ya Amerika iliyokomaa ilikuwa ikiongeza uzito. Mwaka 2002 Deborah Clark, aliyepima miti ya kituo cha La Selva, Costa Rica, kwa miaka mingi, alihoji sehemu ya matokeo hayo: katika baadhi ya maeneo, alisema, miti ilipimwa kwenye mbawa, na mbawa zikikua shina linaonekana linanenepa kuliko ukweli. Phillips na wenzake wakajibu mwaka huohuo, wakirudi kwenye data zao kukagua athari ya kosa la namna hiyo. Sina uwezo wa kuwaamulia watu wale. Ninachokiona ni kwamba mjadala wa hewa ya ukaa ya bara zima ulishuka hadi kwenye swali ambalo mimi nililikuta juu ya ngazi: futi ilipita wapi?

Sababu ya pili ni wiki ile moja ya pengo. Wale wawili waliondoka, mimi nikaja, na katikati hapakuwa na siku hata moja ya kukutana. Wangenionyesha daftari kwa dakika tano kisa kisingekuwepo.

Sababu ya tatu ni mzee, na hii ndiyo ninayoiona nzito zaidi, ingawa kwenye kikao cha kituo kuhusu kisa hiki ndiyo iliyozungumzwa kwa ufupi kuliko zote. Kila mjitoleaji hukaa miezi mitatu, sita, mwaka akizidi sana. Watafiti huja kwa misimu. Aliyekuwepo miaka yote, aliyeiona kila rangi ikipakwa na kila mti ukianguka, alikuwa mtu asiye na nywila ya kuingia kwenye data na ambaye jina lake halikuandikwa kwenye fomu yoyote. Kumbukumbu ya kituo ilikaa kwake, na kituo hakikuwa na mahali pa kuiandika. Mimi niliyekuwa na miezi mitatu nilipewa mamlaka ya kufuta namba.

Kilichofanyika

Tulirudi kwenye miti yote 14, mzee, mimi na mjitoleaji mwingine, kwa siku kadhaa. Kila mti ulipimwa kwenye mistari yote miwili siku moja, ili pawe na daraja kati ya vipimo vya zamani na vipya. Hapa palitokea ubishi mzuri. Mimi nilitaka tuchukue uwiano wa mistari hiyo, kwa 412 ni 89.1 kwa 79.8, na tuutumie kugeuza vipimo vyote vya nyuma. Msimamizi alikataa, na nakubali kwamba alikuwa sahihi: mstari wa chini ulikuwa umeshaguswa na mbawa, kwa hiyo sehemu ya unene wake ilikuwa ya mizizi, na uwiano wa leo si uwiano wa miaka mitatu iliyopita. Tukaamua kuacha mifululizo miwili iliyotengana, kila mmoja na kimo chake, na uwiano uandikwe kando pamoja na tarehe yake. Mtafiti wa kesho ataamua mwenyewe, akijua anachoamua.

Safu ya kimo ilirudishwa, na sasa kishikwambi hakihifadhi kipimo hadi kimo kijazwe, hata kama ni 1.3. Kipimo kikiwa kidogo kuliko cha mwaka uliopita, programu inamwuliza mpimaji akiwa bado chini ya mti. Maandishi ya pembezoni mwa madaftari yalianza kupigwa picha kila jioni. Kila fomu ina nafasi ya majina ya wote waliokuwepo, pamoja na aliyeshika ngazi. Hilo niliomba mimi, na siku mzee alipoliona jina lake kwenye kioo alilisoma mara mbili kwa sauti, kisha akasahihisha herufi moja.

Ombi kwamba wajitoleaji wanaoondoka na wanaofika wakutane kwa wiki mbili halikukubaliwa. Vitanda havitoshi. Tulipata siku tatu, nami nilizitumia zote tatu msituni na aliyenipokea, mzee akiwa mbele yetu. Kwa kila mti wenye mistari miwili alimpa mswaki autafute wa chini mwenyewe kabla ya kuambiwa ulipo.

Miti minne ilibaki bila maelezo. Daftari halikuitaja, mzee hakuikumbuka, na tulisugua gome kuzunguka shina zima bila kupata chembe ya rangi ya zamani. Kwa hiyo hatujui walikopima mwaka uliotangulia, na vipimo vyake vya nyuma vimeachwa vilivyo, na alama ya shaka mbele yake. Wa mwisho kati ya hiyo minne ni namba 530, karibu na kijito. Tuliupaka mstari mmoja tu, tukausubiri ukauke, na aliyenipokea akajaza fomu: kimo mita 3.4, tarehe, na majina matatu.